Tunamruhusu Arudi kwa Nani?

Daktari akishasema "umepata ruhusa", furaha huenea kitanda hadi kitanda. Ndugu wanafungasha, mgonjwa anaaga majirani zake wa wodini, shuka zinabadilishwa kwa ajili ya mwingine aliyekuwa akisubiri. Katika vitabu vya hospitali habari ya mtu huyo inaishia hapo: alilazwa, alitibiwa, alipata nafuu, ameondoka. Kazi yangu huanzia hapo. Mimi ni muuguzi, na baada ya miaka mingi katika wodi ya magonjwa ya ndani nilihamishiwa kitengo kidogo kinachofuatilia wagonjwa walioruhusiwa, hasa wale wanaoondoka leo na kurudi tena baada ya muda mfupi. Nawapigia simu, nawatembelea majumbani, naketi na wanaowauguza. Katika simulizi hizi nimebadilisha mambo madogo madogo ili mtu yeyote asitambulike.

Kuna maneno ambayo hujirudia sana kwenye mafaili yao: "Hafuati maelekezo." Yakishaandikwa, kila anayefungua faili humwona mgonjwa huyo kama mkaidi kabla hajamwona uso. Miaka niliyotembea majumbani imenifikisha kwenye imani moja, nami naishikilia kwa nguvu: maneno hayo, mara nyingi, ni uchunguzi ulioachwa nusu. Tumepima damu, tumepima mkojo, tumepiga picha ya kifua, ila hatujapima maisha anayoyarudia.

Chukua mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa getini, zamu ya mchana. Moyo wake ulikuwa umetanuka na kuchoka kusukuma damu. Moyo wa namna hiyo huacha maji yajae miguuni, tumboni na kwenye mapafu, ndiyo maana mgonjwa huvimba na hushindwa kulala chali. Alipewa dawa za moyo pamoja na dawa ya kukojoza, akaambiwa apunguze chumvi na ajipime uzito kila asubuhi, kwa sababu uzito ukiongezeka kilo 2 hivi ndani ya siku chache ni dalili kwamba maji yanajaa tena hata kabla pumzi haijaanza kubana. Maelekezo hayo hayana kasoro. Kila alipolazwa maji yalitoka, akapata nafuu, akaruhusiwa. Kisha anarudi miguu imejaa, usiku analala ameketi.

Nilipofika kwake nilimkuta mtu mpole, nyumba safi, vidonge vyake amevipanga juu ya kabati. Vya moyo vilikuwa vinapungua sawasawa na siku. Vya kukojoza vilikuwa karibu vyote vipo. Nikamuuliza bila kumlaumu, naye akanijibu bila kuficha.

"Mwanangu, hivi siku za kazi sivinywi. Pale getini niko peke yangu, na choo kiko nyuma kabisa ya jengo. Msimamizi akipita akakuta geti halina mtu, kazi sina. Bila kazi hata hizi dawa nyingine nitazipata wapi?"

Dawa ile ikimezwa huanza kufanya kazi ndani ya saa moja hivi, na nguvu yake hudumu kwa takriban saa 6. Aliandikiwa ainywe asubuhi, kama ilivyo kawaida, ili usiku apumzike. Saa hizo sita ndizo hasa alizokuwa getini. Nilirudi kwa daktari nikamweleza, na ndani ya dakika chache ratiba ikabadilika: ameze saa tisa alasiri, akitoka kazini, ili hadi anapolala awe amemaliza safari za chooni. Dawa ilikuwa ile ile na kipimo kile kile. Moyo wake haukupona, maana moyo uliofikia hali hiyo mara nyingi haurudi ulivyokuwa, lakini alianza kulala kitandani kama watu wengine, na jina lake likaacha kuonekana kila mara kwenye orodha ya waliolazwa tena.

Alilazwa mara nyingi, akapita mikononi mwa wataalamu wengi wenye nia njema. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani na choo kiko wapi. Na yeye hakusema kwa sababu wodini mgonjwa hujibu anachoulizwa, tena kwa kifupi, asije akaonekana msumbufu.

Jambo hili halikuanza leo. Mwaka 1848 daktari wa Kijerumani Rudolf Virchow alitumwa Silesia ya Juu, eneo ambalo leo sehemu yake kubwa iko Poland, kuchunguza mlipuko wa homa kali ya tifasi. Aliporudi, ripoti yake haikuishia kwenye dawa. Alidai watu wapewe elimu, uhuru na maisha bora, akisema huko ndiko chanzo kiliko. Mwaka 1895 hospitali ya Royal Free ya London ilimwajiri Mary Stewart, mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kujua hali za wagonjwa nje ya kuta za hospitali. Miaka 10 baadaye huko Boston, daktari Richard Cabot wa Massachusetts General Hospital aliona ushauri wake unakwama kila siku kwa sababu hakujua wagonjwa wanaishi vipi, akaanzisha huduma ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali. Ida Cannon, aliyekuwa muuguzi, akaja kuiongoza kwa miaka mingi. Nikisoma habari zao nafarijika, na wakati huo huo nasononeka. Zaidi ya karne imepita, na bado katika hospitali nyingi afisa ustawi wa jamii huitwa siku ya mwisho, pale mgonjwa anaposhindwa kulipa.

Takwimu zipo. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2009, uliotazama wazee wenye bima ya serikali, ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya watano walioruhusiwa alilazwa tena ndani ya siku 30. Kuanzia mwaka 2012 serikali ya huko ikaanza kuzikata malipo hospitali ambazo wagonjwa wake hurudi kupita kiasi. Kilichofuata kinafundisha sana: hospitali zinazohudumia maskini ndizo zilizoumia zaidi, hadi sheria ikabadilishwa na kuanzia mwaka wa bajeti wa 2019 kila hospitali ikawa inalinganishwa na nyingine zenye wagonjwa wa hali kama ya wagonjwa wake. Naiona hiyo kama hesabu iliyoandikwa wazi kwamba kinachomrudisha mtu wodini kwa sehemu kubwa kiko nje ya wodi.

Niseme pia kwamba hospitali yenyewe humdhoofisha mtu. Mwaka 2013 daktari wa moyo Harlan Krumholz aliandika kuhusu udhaifu unaompata mgonjwa baada ya kulazwa: usingizi uliokatizwa usiku kucha, chakula kilichorukwa kwa ajili ya vipimo, misuli iliyolegea kwa kulala, akili iliyochoka kwa maumivu na dawa. Wengi wanaorudi, alisema, hurudi na tatizo tofauti na lile la kwanza. Nimeyaona mwenyewe. Anatoka mtu aliyetibiwa mapafu, anarudi amevunjika nyonga kwa sababu alianguka akienda kuchota maji, miguu haina nguvu na nyumbani hakuna wa kumshika mkono. Tunamkabidhi mtu dhaifu kwa nyumba yake tukidhani nyumba ina nguvu.

Hapo ndipo nimejifunza zaidi kupitia wanawake.

Mama mmoja mwenye kisukari alikuwa na kidonda kwenye unyayo. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za miguu, kwa hiyo mtu hukanyaga kidonda chake bila kusikia maumivu, na kadiri anavyokikanyaga ndivyo kinavyozidi kwenda chini. Tiba ya kidonda cha namna hiyo, mbali na kudhibiti sukari na dawa za kuua vijidudu, ni kuuondolea mguu uzito wa mwili. Asikanyage. Wiki nyingi, pengine miezi. Daktari alimwambia hivyo, naye akaitikia, akatia saini, akaondoka. Kidonda kikarudi kikubwa kuliko kilivyotoka.

Nilipoingia nyumbani kwake alikuwa amesimama jikoni. Watoto wanne, mkubwa akiwa bado shule ya msingi. Chumba cha pili alilala mama mkwe asiyeweza kujigeuza. Mgonjwa wetu ndiye aliyekuwa anamwosha, anamlisha, anamgeuza, kisha anarudi kwa watoto, kisha maji, kisha kufua. Nilimwita kando nikamwuliza kwa nini hapumziki, akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Dada, nikilala mimi, nani atainuka?"

Swali hilo halina jibu kwenye kitabu chochote cha uuguzi nilichosoma. Mumewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anatoka alfajiri na kurudi usiku, na kwa kuwa mkewe hakulalamika maumivu, alijua amepona. Siku ya mapumziko yake niliomba tuketi wote: yeye, mkewe, shemeji, na mtoto mkubwa. Nikamfumba mama macho, nikachukua uzi wa nailoni tunaoutumia kliniki kupima hisia, nikamgusa unyayo. Nikamwambia aseme "ndiyo" kila anaposikia. Mume akitazama, niligusa kidole gumba, kisigino, pembeni ya kidonda chenyewe. Mama alikaa kimya, akisubiri tuanze. Mume akauliza, "Umeanza?" Nikamwambia nimeshamaliza.

Sikuhitaji hotuba baada ya hapo. Shemeji alichukua zamu ya kumwosha mama mkwe. Mume akapanga na mwajiri wake atoke mapema siku kadhaa za wiki, na maji yakawa kazi yake. Mtoto mkubwa hakuongezewa mzigo. Hilo nilililinda kwa makusudi, kwa sababu nimeona nyumba ambazo mzazi anapona na mtoto anaacha shule, na wodini tunahesabu ushindi. Mama alipoteza kidole kimoja. Mguu ulibaki, na kidonda kilifunga baada ya muda mrefu sana.

Tangu siku ile, nikiona kwenye cheti cha ruhusa maneno "apumzike", namuuliza mgonjwa kazi za nyumbani kwake zinafanywa na nani. Kwa wanaume wengi jibu ni la haraka, wanamtaja mke au binti. Wanawake hunyamaza kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo siku hizi nalitazama kabla ya mambo yote: nani anasikiliza maelekezo siku ya kuondoka, na nani atafanya kazi. Mara nyingi ni watu wawili tofauti. Baba mmoja alipata kiharusi, upande mmoja ukalegea, na kumeza kukawa kwa shida. Siku ya ruhusa alikuja mtoto wake wa kwanza, mwenye gari, msomi, aliyeuliza maswali mazuri na kuandika majibu kwenye simu. Alifundishwa kila kitu: mgonjwa alishwe ameketi wima, vijiko vidogo, asilazwe papo hapo baada ya kula, ageuzwe takriban kila saa 2 ili ngozi isichubuke na kuwa vidonda vya kulalia, mkono uliolegea usivutwe. Akashukuru. Siku chache baadaye akasafiri kurudi kazini kwake, mbali, na kutuma fedha kila mwezi bila kukosa.

Aliyebaki na mgonjwa alikuwa mke wa mdogo wake, binti mdogo aliyeolewa karibuni. Siku ya ruhusa alikuwa nje ya wodi ameshika mabegi. Alimlisha baba mkwe wake amelala, kwa upendo mwingi, kwa sababu alidhani kumketisha ni kumchosha. Chakula kikaingia njia ya hewa, mapafu yakashika maambukizi, akarudi kwetu na homa kali. Kwenye faili paliandikwa kwamba ndugu walishaelekezwa. Ni kweli, walielekezwa, ila si yeye.

Nilikaa naye kitandani kwa mgonjwa. Nilimfundisha, kisha nikamwomba yeye anifundishe mimi, nione ameelewa nini. Mikono yake ilikuwa myepesi kujifunza kuliko ya wanafunzi wengi niliowahi kuwasimamia. Tulipomaliza ndipo akaniambia mgongo unamuuma tangu wiki ya kwanza, kwamba halali usiku kwa kuogopa kupitiwa na muda wa kumgeuza, na kwamba hana wa kumwambia kwa sababu yeye ni mgeni katika ukoo. Kwenye simu niliongea na yule kaka mkubwa kwa heshima, na nikamweleza wazi kuwa fedha zake ni msaada mkubwa lakini hazina mikono. Aliitikia kwa unyenyekevu. Familia ikapata mtu wa kusaidia usiku. Kama nisingeuliza habari ya mgongo wa yule binti, tungekuwa na wagonjwa wawili ndani ya nyumba moja, na wa pili asingekuwa na faili.

Baba yule naye alikuwa na ugonjwa mwingine ambao hakuna aliyeutaja. Karibu theluthi moja ya watu waliopata kiharusi hupata sonona, na mwenye sonona haoni sababu ya kufanya mazoezi tiba, wakati miezi ya mwanzo ndiyo yenye thamani kubwa ya kurudisha nguvu. Wodini alikuwa na kelele, wageni, wauguzi. Nyumbani alikuwa na dari. Marafiki walikuja wiki ya kwanza na ya pili, halafu wakaacha, si kwa ubaya, bali hawakujua waongee nini na mtu ambaye maneno yanamtoka kwa shida. Tulimwomba mmoja wao aje siku moja ya wiki, asimamie mazoezi tu, asijilazimishe kuongea. Mazoezi yaliyoshindikana kwa maneno ya mtaalamu yaliwezekana kwa sababu rafiki alikuwa anakuja na hakutaka kumwona amekaa bure. Dawa ya sonona aliandikiwa pia, na ilisaidia. Ila nikiulizwa nini kilianza, nitasema ni yule rafiki.

Upweke ni upande mmoja. Upande wa pili ni pale watu wanapokuwa wengi mno na siri haina pa kukaa. Kijana mmoja alianza matibabu ya kifua kikuu. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu kisicho sugu huchukua miezi 6: miwili ya dawa nne kwa pamoja, kisha minne ya dawa mbili. Alikuwa anaishi chumba kimoja na wenzake, na aliamini kwamba wakiona vidonge vile watamtoa usiku huo huo. Kwa hiyo alivificha kazini, na siku asipoenda kazini hakunywa. Alipoanza kujisikia vizuri, akaona hatari ya kugundulika ni kubwa kuliko hatari ya ugonjwa. Kwa mtu asiye na mahali pengine pa kulala, hesabu hiyo ina akili yake, hata kama inaweza kumuua na kuzaa kifua kikuu kisichosikia dawa.

Aliomba nisije na sare, wala nisitaje jina la hospitali kwenye simu. Nilikubali yote. Tulikutana mbali na anapoishi, tukazungumza hadi akamtaja mwenzake mmoja anayemwamini. Kwa ruhusa yake nilimweleza huyo mmoja kwamba mtu anayetumia dawa ipasavyo uwezo wake wa kuambukiza hupungua haraka, kwamba hatari kubwa ilikuwa ile kabla hajaanza matibabu, na kwamba wao wote wanapaswa kupimwa kwa faida yao. Yule mwenzake ndiye aliyewaambia wengine, kwa lugha yao na kwa wakati aliouchagua. Walipimwa. Hakufukuzwa. Najua si kila chumba kina mtu wa namna hiyo, na ndiyo maana sifichui hali ya mgonjwa kwa yeyote, hata kwa mama yake mzazi, kabla yeye mwenyewe hajasema nani aambiwe.

Na nyumba nyingine ndiyo yenye kuumiza. Nitalisema hili kwa ufupi kwa kuwa wahusika wanastahili stara. Wapo wanaotoka wodini wakiwa na mifupa iliyoungwa, wanarudi kwa mkono ule ule uliowavunja. Wapo wazee ambao dawa zao huuzwa na watu wa nyumbani. Ukimwuliza mtu wa hali hiyo mbele ya ndugu zake kama nyumbani ni salama, atasema ndiyo. Kwa hiyo swali hilo huulizwa faraghani, mlango umefungwa, na muulizaji awe tayari amejua atamsaidiaje anayejibu hapana. Kuuliza bila kuwa na pa kumpeleka ni kumwongezea jeraha.

Vipo vikwazo vidogo ambavyo ukivijua hutatuliwa siku moja. Bibi aliyekuwa anameza dawa ile ile ya presha mara mbili kwa sababu pakiti ya zamani nyumbani ilikuwa na jina la kiwanda tofauti na mpya ya hospitali, na macho yake hayasomi. Akawa anashikwa na kizunguzungu kila akisimama. Mjukuu alizipanga, tukazitupa za zamani. Familia isiyo na jokofu iliyopewa insulini: chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, lakini iliyokwisha kufunguliwa hukaa takriban wiki 4 kwenye joto la kawaida la chumba, mradi isipigwe na jua wala joto kali. Wakachukua chupa moja moja kutoka kliniki badala ya akiba ya miezi, na chungu chenye unyevu kikasaidia siku za joto. Mambo kama haya hayahitaji bajeti, yanahitaji mtu aulize.

Lakini sitaki kumdanganya msomaji kwamba maswali mazuri hutibu umaskini. Mtu anayechagua kati ya nauli ya kliniki na chakula cha watoto hana tatizo la uelewa. Anaelewa kuliko sisi. Mwaka 2008 tume ya Shirika la Afya Duniani iliyoongozwa na Michael Marmot ilihitimisha kazi yake kwa kusema kwamba mazingira ambamo watu huzaliwa, hukua, huishi, hufanya kazi na kuzeeka ndiyo yanayotofautisha afya zao kwa sehemu kubwa, na kwamba mazingira hayo hutokana na maamuzi ya watu, hayakushuka kutoka mbinguni. Muuguzi hawezi kuandika mshahara kwenye cheti cha dawa. Anachoweza ni kuandika barua. Nimeshangazwa na nguvu ya barua fupi ya hospitali kwa mwajiri: "Mfanyakazi huyu anahitaji kukaa anapofanya kazi," au "aruhusiwe kwenda kliniki tarehe hizi." Waajiri kadhaa walikubali mara moja. Mgonjwa alikuwa ameyaomba hayo hayo kwa mdomo wake akaonekana mvivu.

Pale kwetu sasa mazungumzo haya huanza siku mgonjwa anapolazwa, hali yake ikitulia, si asubuhi ya kuondoka ambapo kila mtu ana haraka. Tunataka kujua anaishi na nani, nani atampikia, ngazi ni ngapi kufika mlangoni, choo kiko wapi, kazi yake ni ya kusimama au ya kukaa, atafikaje kliniki, dawa atazisomewa na nani, na kuna jambo gani ambalo asingependa watu wa nyumbani walijue. Anayefundishwa ni yule atakayeuguza kwa mikono yake, tunamsubiri hata kama inabidi ruhusa isogee hadi jioni. Kisha simu moja ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, kwa sababu hapo ndipo dawa iliyokosekana dukani hugundulika na hapo ndipo mtu huamua kuendelea au kuacha. Wenzangu wengine waliona tunapoteza muda. Naelewa, wodi imejaa na wauguzi ni wachache. Lakini muda huo tutautoa tu: ama kwa mazungumzo sasa, ama kwa kitanda baadaye.

Kuna wasiotoshea kwenye mpango wowote. Sasa hivi wodini yupo mwanamume ambaye tiba yake imekwisha isipokuwa kidonda cha mguu kinachohitaji kufungwa kila baada ya siku mbili. Kwa vitabu, alipaswa kuondoka zamani. Nilipomwuliza anakwenda kwa nani, alitaja barabara anayolala. Kitanda chake kinahitajika, na kila asubuhi kwenye mzunguko wa madaktari jina lake huzua mjadala. Mimi nasimama upande wa kumbakiza, na nasema hivyo kwa sauti, kwa kuwa kidonda kile kikirudi barabarani, bandeji ya kesho kutwa haitakuwepo. Afisa ustawi wa jamii ameshapata dada yake wa baba mmoja ambaye hawajaonana miaka mingi. Amekubali kuja wodini wiki ijayo. Hajasema kama atamchukua. Amesema anataka kwanza kumwona, na mgonjwa ameomba anyolewe kabla ya siku hiyo.